Mtoto Asiyepelekwa Shule: Uhuru Huo ni wa Nani?

Zipo familia, hasa Marekani, ambazo zimeamua watoto wao wasiende shule na wala wasifundishwe nyumbani. Kumsomesha mtoto nyumbani kwa vitabu, ratiba na majaribio ya kila wiki ni jambo linaloeleweka kirahisi, maana hiyo ni shule iliyohamishiwa sebuleni. Familia ninazozungumzia zimekwenda mbali zaidi. Hazina mtaala, hazina vipindi, hazitoi alama. Mtoto hushika kinachomvutia, iwe wadudu, ramani, gitaa au kompyuta, na kazi ya mzazi ni kumtafutia kitabu, kifaa, au mtu anayelijua jambo hilo kuliko yeye. Anayechelewa kujua kusoma hasukumwi. Anayeikimbia hesabu hapewi mazoezi ya hesabu. Hoja yao ni kwamba kiumbe aliyejifunza kutembea na kusema bila mwalimu hawezi, akitimiza miaka sita au saba, kugeuka ghafla akawa mtu asiyejifunza mpaka alazimishwe.

Sehemu kubwa ya hoja hiyo naikubali. Kinachonisumbua ni njia iliyopitia. Ilizaliwa kama imani juu ya mtoto, lakini ilipofika mahakamani na bungeni ikawa haki ya mzazi, na mtoto ambaye yote yalianzishwa kwa ajili yake akabaki bila mtu wa kumwuliza.

Aliyeanzisha mwendo huu, John Holt, hakuwa na mtoto wala hakusomea ualimu. Alizaliwa mwaka 1923, akatumikia katika nyambizi za jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akaingia darasani, kwanza Colorado na baadaye Massachusetts. Alifundisha darasa la tano katika shule za binafsi zilizokuwa na kila kitu, na jambo hilo tulizingatie, kwa sababu alichokiona hakikuletwa na msongamano wa wanafunzi wala uhaba wa madawati. Wakati mwenzake akifundisha, Holt alikaa pembeni akawatazama watoto badala ya kumtazama mwalimu. Akagundua kwamba muda mwingi hawalifikirii swali. Wanamsoma mwalimu usoni. Mtoto hutoa nusu ya jibu, akasubiri aone uso wa mwalimu unasema nini, ndipo amalizie au ageuze. Mwingine humung'unya maneno yasiyosikika vizuri, akijua mwalimu mwenye hamu ya jibu sahihi atasikia kile anachotaka kukisikia. Katika How Children Fail, kitabu alichokitoa mwaka 1964, alieleza kuwa watoto hawa hawakukosa akili. Walikuwa wanaogopa, na akili zao zote walizitumia kujinusuru.

Mwalimu yeyote wa Dodoma au Kakamega aliyewahi kuuliza swali kwa Kiingereza mbele ya darasa la watoto sabini anazijua sura hizo. Tofauti ni kwamba sisi tumezoea kuilaumu idadi, au lugha, au mishahara. Holt alizikuta sura zilezile mahali ambapo hakuna kimoja kati ya hivyo.

Kwa miaka kadhaa alitaka shule zirekebishwe. Alikata tamaa polepole. Alikwenda Cuernavaca, Mexico, kwenye kituo cha Ivan Illich, padri na mwanafikra ambaye mwaka 1971 alichapisha Deschooling Society na kudai kwamba shule imewafundisha watu waamini kuwa elimu isiyo na cheti si elimu. Mwaka 1974 Holt akaandika kitabu kuhusu haki za watoto, akitaka waruhusiwe kupiga kura, kufanya kazi, kuchagua walezi na kusimamia masomo yao wenyewe. Mwaka 1977, akiwa Boston, akaanzisha jarida dogo la Growing Without Schooling kwa ajili ya wazazi waliokuwa wakiwatoa watoto wao shuleni, baadhi yao kwa siri. Jarida hilo liliendelea hadi 2001, miaka kumi na sita baada ya kifo chake. Yeye ndiye aliyelipa jambo hili jina la Kiingereza linalotumika mpaka leo, unschooling. Ukisoma alichokitaka mwaka 1974, humpati mzazi katikati. Unampata mtoto.

Halafu wakaja wenzi wa safari. Miaka ya 1980 familia nyingi za Wakristo wa kiinjili nazo zilianza kuondoka shuleni, kwa sababu karibu kinyume kabisa na za Holt. Yeye alitaka kumpunguzia mtoto mamlaka ya wakubwa. Wao walitaka mamlaka ya baba, mama na Biblia yasiingiliwe na serikali. Mwaka 1983 wanasheria wao walianzisha chama cha kuwatetea, HSLDA, na chama hicho kikawa na nguvu kubwa katika mabunge ya majimbo. Kufikia mwaka 1993 kusomesha nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50. Waliotaka watoto huru walishinda pamoja na waliotaka watoto watii, na lugha iliyowashindia wote ilikuwa ya haki za wazazi. Sidhani Holt, aliyefariki mwaka 1985, alipata muda wa kuona muungano huo ungegharimu nini.

Tuje kwenye swali ambalo kila shangazi na mjomba huliuliza kwanza: je, watoto hawa wanajifunza?

Ushahidi ni mchache. Peter Gray, mwanasaikolojia wa Boston College, na mwenzake Gina Riley waliwahoji watu wazima 75 waliolelewa kwa mtindo huu. Kati yao 62 walikuwa wameendelea na masomo ya juu ya aina moja au nyingine, na wengi walikuwa wamejiajiri au wamo katika kazi za sanaa na ubunifu. Picha ni nzuri, lakini tujue imepigwa wapi. Waliojibu walijitokeza wenyewe kwa wito wa mtafiti ambaye tayari alijulikana kuutetea mtindo huo. Kijana wa miaka ishirini na mbili asiyeweza kujaza fomu ya kazi, mwenye hasira na wazazi wake, hana sababu ya kujitokeza. Gray mwenyewe alikiri udhaifu huo.

Upande wa pili kuna utafiti wa Sandra Martin-Chang na wenzake wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2011. Walipima watoto 37 wa nyumbani na 37 wa shule, wa umri wa miaka 5 hadi 10. Waliofundishwa nyumbani kwa vipindi walifanya vizuri kuliko wa shule. Lakini ndani ya kundi la nyumbani walikuwamo 12 ambao hawakuwa na vipindi wala mtaala, na hao alama zao zilikuwa chini. Watoto kumi na wawili ni wachache mno kuhukumia fikra nzima. Isitoshe, mtetezi atakuambia kwamba mtoto wa miaka minane asiyejua kusoma huenda akasoma vizuri akiwa na kumi na moja. Anaweza kuwa sahihi. Harriet Pattison wa Uingereza amechunguza watoto wa nyumbani wanaojifunza kusoma, na umri wao unatofautiana sana: wapo wa miaka minne na wapo waliokaribia utineja, na wengi wa waliochelewa walipoanza walikwenda kasi.

Hesabu nayo ina kisa cha zamani kinachostahili kujulikana zaidi. Mwaka 1929, huko Manchester, New Hampshire, mkuu wa elimu wa mji, Louis Benezet, aliondoa somo rasmi la hesabu katika baadhi ya madarasa mpaka darasa la sita. Watoto walipima vitu, walikadiria, walizungumza, lakini hawakukariri kanuni. Walipoanza hesabu rasmi waliwafikia wenzao kabla ya mwaka kwisha. Jambo la kuzingatia ni kwamba alichagua shule za wazazi wahamiaji na maskini, wasioweza kumpinga. Ndivyo majaribio ya elimu yanavyokwenda: mwenye sauti hachezewi mtoto wake.

Kwa hiyo kujifunza bila kufundishwa si ndoto. Mimi naamini kunatokea, na kunatokea mara nyingi. Lakini nikiusoma tena utafiti wa Gray, watu ninaowarudia ni watatu. Kati ya wale 75, watatu walisema waziwazi kwamba hawakufurahia malezi yao. Walisimulia habari zinazofanana: mama asiye na afya njema ya akili, baba asiyejihusisha, na mtoto aliyekatiwa watu wengine. Hawakukosa mtaala. Walikosa mtu mzima mwenye nguvu ya kuwa pamoja nao, na hawakuwa na mahali pengine pa kumpata.

Hapa ndipo gharama halisi ya mtindo huu ilipo, nayo haiandikwi kwenye bajeti ya familia. Mtoto asiye na ratiba anahitaji mzazi mwenye saa nyingi zaidi, kwa sababu swali linakuja saa tano usiku, mdudu anaonekana katikati ya safari, na hamu ya kemia inazuka wiki ambayo hela hakuna. Katika familia nyingi saa hizo ni za mama. Yeye ndiye anayeacha ajira, anayeendesha gari kwenda maktaba, anayetafuta fundi seremala mwenye subira, anayejibu maswali ya mama mkwe. Watu husema mtoto anajifunza mwenyewe, lakini nyuma yake kuna mwanamke anayefanya kazi ya mwalimu, mkutubi na mratibu bila mshahara wala pensheni. Nikisoma maandiko ya wanaosifu mtindo huu, hili hulitafuta kwanza, na mara nyingi hupewa aya moja.

Tena nje ya nyumba lazima kuwe na milango. Vijana wengi wa Marekani waliofika chuo kikuu kwa njia hii walipitia vyuo vya jamii, ambavyo humpokea hata asiye na cheti cha sekondari, akachukua somo moja moja mpaka akajenga rekodi. Walikuwa na maktaba za umma zinazoazima vitabu bure. Ondoa maktaba, ondoa chuo cha jamii, fikra ni ileile lakini matokeo hayatakuwa yaleyale.

Wasomaji wasidhani hata hivyo kwamba hili ni jambo la Wazungu wenye nafasi tu. Shule zilipofungwa mwaka 2020, takwimu za serikali ya Marekani zilionyesha kaya zinazosomesha nyumbani zikipanda kutoka asilimia 5.4 majira ya kuchipua hadi 11.1 majira ya vuli, na kwa kaya za Wamarekani weusi kutoka 3.3 hadi 16.1. Hao wote hawakuacha mtaala, lakini wengine waliuacha, na sababu zao hazikuwa za kifalsafa. Walichoka mtoto wao wa kiume kuadhibiwa kila mara, kuwekwa kwenye madarasa ya wasioweza, kusoma historia ambayo babu yake hayumo ila kama mtumwa. Akilah Richards, mzaliwa wa Jamaika anayeishi Marekani, mwaka 2020 aliandika kitabu kizima juu ya malezi haya kama njia ya familia nyeusi kujinasua. Mzazi wa namna hiyo akiambiwa amnyime mtoto wake uhuru huo kwa faida ya jamii, ana haki ya kuuliza ni jamii ipi.

Kisheria, kila nchi imekwenda njia yake. Ujerumani inalazimisha mtoto awepo shuleni, na mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya imeiunga mkono, mwaka 2006 na tena 2019. Sweden ilikaza sheria yake mwaka 2010 kiasi kwamba ruhusa hutolewa kwa nadra. Ufaransa, iliyokuwa ikitaka taarifa tu, tangu 2022 inataka kibali. Uingereza sheria inasema mzazi atahakikisha mtoto anapata elimu inayomfaa, shuleni au kwa njia nyingine, na maneno hayo machache ndiyo yaliyozibeba familia hizi kwa miongo. Marekani kila jimbo na lake: Texas haihitaji umwambie mtu yeyote, New York inataka ripoti za kila robo mwaka na saa 900 za masomo kwa mtoto wa madarasa ya chini.

Kesi inayotajwa kuliko zote ni ya mwaka 1972. Akina baba watatu wa jumuiya za Kikristo za Waamishi huko Wisconsin walitozwa faini ya dola tano kila mmoja kwa kuwaondoa watoto wao shuleni baada ya darasa la nane. Mahakama ya Juu iliwapa ushindi kwa msingi wa uhuru wa dini. Jaji William Douglas, mzee wa mrengo wa uhuru, alijitenga na wenzake kwa sehemu, na nadhani ndiye pekee aliyeliona jambo lenyewe. Alisema kesi ilijadiliwa kana kwamba kuna pande mbili tu, wazazi na serikali, wakati maisha yanayoamuliwa ni ya mtoto. Katika watoto watatu, ni binti mmoja tu aliyepanda kizimbani kusema kwamba hiyo ndiyo imani yake mwenyewe. Kuhusu huyo, Douglas alikubaliana na wenzake. Kuhusu wale wawili alitaka kwanza waulizwe. Huenda mmoja anataka kuwa mwanaanga, au mpiga kinanda, au mwanasayansi wa bahari, na uamuzi ule ukamfungia.

Hawakuulizwa.

Miaka mingi baadaye ulimwengu ulisoma simulizi ya Tara Westover, aliyekulia milimani Idaho na baba aliyeichukia serikali. Aliingia darasani kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 17, chuo kikuu, na hakuwa amewahi kusikia habari za mauaji ya Wayahudi chini ya Hitler. Alimaliza na shahada ya uzamivu Cambridge. Watetezi wa malezi bila shule husema hakulelewa kwa fikra yao, na ni kweli: alinyimwa, hakuachiwa. Lakini mbele ya sheria ya Idaho nyumba ya Westover na nyumba ya mfuasi mwema wa Holt zilikuwa zinafanana, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuingia katika yoyote kati ya hizo mbili. Mwaka 2013 vijana waliokulia nyumbani walianzisha jumuiya yao wenyewe kudai usimamizi. Wazazi wengi waliichukia. Mimi naona ndiyo sauti iliyokuwa ikikosekana tangu 1972.

Kwetu Afrika Mashariki suala lina uzito mwingine. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliandika kwamba watoto wa Afrika walielimika kabla ya shule kuja, kwa kuishi na kutenda, na kwamba shule ya kikoloni ilimtenga mtoto na kijiji chake na kumfanya aamini kuwa maarifa yamo vitabuni tu. Ni maneno ambayo Illich angeweza kuyatia saini. Lakini Nyerere hakufika alikofika Illich. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kila mtoto wa Tanzania aingie darasa la kwanza ifikapo 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima. Aliyeijua kasoro ya shule kuliko wengi ndiye aliyeijenga katika kila kijiji, kwa sababu alijua pia nani angebaki nje kama isingekuwa lazima: binti, mtoto wa mfugaji, mtoto wa maskini. UNESCO mwaka 2022 ilikadiria kwamba watoto na vijana milioni 98 kusini mwa Sahara hawako shuleni. Hao hawakuchagua. Mtoto anayechunga ng'ombe kwa kukosa sare na mtoto anayeachwa afuate kipaji chake katika nyumba yenye rafu za vitabu hawawezi kutetewa kwa sentensi moja.

Ndiyo maana Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inamtisha kwa faini na kifungo mzazi asiyempeleka mtoto shule, na familia chache za Nairobi zinazosomesha nyumbani zinaishi kwa wasiwasi. Naielewa sheria hiyo na bado naiona butu. Inapima mwili wa mtoto uko wapi saa mbili asubuhi. Haipimi anajifunza nini, na darasa la watoto tisini linaipita bila swali. Tanzania kwa upande wake ilionyesha kwamba shule nayo inaweza kumfungia mtu nje: mpaka Novemba 2021 msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali ya mfumo rasmi.

Njia za kuingilia pembeni tunazo, ila hatuzihesabu kuwa ni sehemu ya jambo hili. Tanzania mtu asiyesoma kidato cha kwanza na cha pili anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya nchi hiyo, inawapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia gereji, spana boi aliyeanza kwa kuosha vipuri mpaka akajua kufungua injini. Hiyo ni elimu bila shule, tena ya siku nyingi kuliko jarida la Holt. Familia inayotaka kumlea mtoto nje ya darasa huku kwetu ingeanza kwa kujua milango hiyo iko wapi, mtoto atafikaje, na atalipiwa na nani siku akiamua kuipita.

Kama ningeombwa kuchagua sheria moja ya kuazima, nisingechukua ya Ujerumani wala ya Texas. Ningechukua ya Pennsylvania. Huko mzazi anaruhusiwa kusomesha nyumbani, lakini kila mwaka mtathmini mwenye sifa, mwalimu au mwanasaikolojia, hupitia kazi za mtoto na lazima azungumze na mtoto mwenyewe. Huku kwetu Afisa Elimu Kata yupo tayari, na pikipiki anayo mara nyingine. Akikaa na mtoto saa moja, wazazi wakiwa nje, akamwuliza anafanya nini siku nzima, anacheza na nani, anataka kujua nini ambacho nyumbani hakipo, na kama angependa kujaribu darasa muhula ujao, atarudi na jibu ambalo faini haiwezi kulitoa. Na mtoto akisema anataka kwenda, aandikishwe muhula huohuo, bila mzazi kuwa na neno la mwisho.